Redio Iliyomfaa Baba Mkwe

Dobi alianza kazi kabla jua halijakolea. Aliloweka nguo, akasugua kola na makwapa, akasuuza, akakamua. Lakini hakuanika nguo hata moja kabla ya kuuliza. Aligeuka kuelekea barazani na kusema, "Baba, wanasemaje leo?"

Barazani alikaa baba mkwe wake, redio ndogo sikioni. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na vivuli vya watu, basi. Masikio yake, hata hivyo, yalikuwa mazima. Kila asubuhi kituo chake kilitangaza hali ya hewa, naye alimjibu dobi kwa sauti ya mtu mwenye ofisi yake.

"Anika mazito kwanza. Mchana kutakuwa na mawingu."

Dobi alianika mazito kwanza. Wateja walimsifu kwamba nguo zake hazinuki unyevu, naye aliwaambia kwamba ana mtangazaji wake nyumbani. Mzee akisikia maneno hayo, alikohoa kidogo kuficha tabasamu.

Siku moja redio ile ilimponyoka mzee, ikatumbukia kwenye beseni la maji ya sabuni. Ikakoroma, ikanyamaza. Mume wa dobi, ambaye alikuwa mwoka mikate, alimwambia baba yake asijali. Angemletea nyingine, kubwa kuliko hiyo.

Akaenda dukani peke yake. Muuzaji akawasha redio moja, ngoma zikatikisa rafu. Ilikuwa na taa za rangi. Ilikuwa na tochi, mahali pa kuweka kadi ya nyimbo, na iliweza kuunganishwa na simu. Mume akarudi nayo amejaa furaha kama bwana harusi. Mzee akaipapasa kote, akamshukuru mwanawe, akasema hiki ni chombo cha kisasa kweli. Mwana akamtafutia kituo chake, sauti ikatoka vizuri, kila mtu akalala ameridhika.

Baada ya siku chache, dobi aliuliza kama kawaida yake. Mzee alisugua magoti yake.

"Jua," akasema. "Jua tupu."

Na jua likawaka. Kesho yake akajibu hivyohivyo. Dobi akaanika, nguo zikakauka. Kitu kimoja tu kilimtatiza. Zamani chakula kilipoa mezani kwa habari ambazo mzee alizipata redioni. Sasa alikula kimya, akanawa, akarudi kwenye kiti chake.

Kisha ikaja siku ya mashuka ya nyumba ya wageni. Yalikuwa mengi, meupe, na mwenye nyumba hiyo aliyataka jioni ileile. Dobi aliuliza mara mbili ili awe na uhakika.

"Jua, mwanangu. Anika yote."

Akaanika yote, kisha akatoka kupeleka nguo alizokwisha kupiga pasi. Hakufika mbali. Mbingu ilijikunja, upepo ukavuma, mvua ikamwagika. Dobi akarudi mbio.

Alipoingia uani, alisimama ghafla. Mashuka kadhaa yalikuwa chini kwenye tope. Katikati ya ua alikuwa baba mkwe wake, ameloa chapachapa. Alikuwa anapapasa kamba, anatafuta vibanio, anaanua. Shuka moja lilikuwa limemzonga kichwani, naye anapambana nalo bila kujua mlango uko wapi.

"Baba, ingia ndani. Utashikwa na homa."

"Mashuka yako, mwanangu," alisema mzee. Meno yalikuwa yanagongana.

Dobi akamshika mkono, akamwingiza ndani, akampa nguo kavu na chai ya moto. Ndipo alipoiona redio juu ya kiti. Taa zake zilikuwa zinawakawaka, nyekundu na buluu. Akaiweka sikioni. Kimya. Hata mkwaruzo haukusikika.

"Baba," alisema polepole, "tangu lini?"

Mzee alizungusha kikombe mikononi kwa muda. Kisha akasema tangu siku ya pili. Alieleza kwamba vitufe vyote vilikuwa laini, vinafanana kama mbegu za papai. Alibonyeza kimoja, kituo kikapotea. Akabonyeza kingine, mwanamke akasema neno la lugha asiyoijua, kisha ukimya. Hakutaka kumwambia mwanawe. Kijana alikuwa amejinyima ili amnunulie.

"Na utabiri, Baba? Uliutoa wapi?"

"Magotini. Yakiuma, najua mvua iko njiani."

"Na leo magoti yalisema jua?"

"Leo yalinisaliti, mwanangu."

Dobi alikuwa amejiandaa kukasirika. Badala yake alicheka, na mzee akacheka pia. Lakini kicheko cha mzee hakikudumu.

"Nisipokuwa na neno la kukuambia asubuhi," alisema, "mimi nina kazi gani humu ndani? Kulinda kiti?"

Maneno hayo yalimwingia dobi. Alifua upya mashuka yaliyoanguka na kumwomba mwenye nyumba ya wageni asubiri hadi kesho. Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye mashuka.

Mume aliporudi na kusikia habari, aliumia. Alilalamika kwamba alichagua redio bora kuliko zote dukani. Mkewe alimjibu kwamba hilo halina ubishi, ila alimchagulia nani?

Kesho yake wote watatu walikwenda kwa jirani yao. Alikuwa fundi wa redio na simu, na mtaa mzima ulimwita Mama Waya. Mume alianza kueleza. Mama Waya akamwomba apumzike kidogo, akamgeukia mzee.

"Baba, unasikiliza nini?"

Mzee akataja kituo chake. Anasikiliza habari, hali ya hewa, na mazungumzo ya afya.

"Muziki je?"

"Muziki ni wa vijana."

Mama Waya akatabasamu. "Basi tatizo tumeshalipata. Hii ilichaguliwa kwa ngoma, na mzee anasikiliza maneno. Ukitaka kununua redio, anza na masikio na mikono ya mwenye kuitumia. Atasikiliza nini, wapi, na atawezaje kuiendesha mwenyewe. Taa zije baadaye."

Akatoa redio mbili za mfukoni zilizotumika, ambazo alikuwa amezitengeneza. Zote zilikuwa na gurudumu la sauti na gurudumu la kutafutia kituo. Kabla ya jingine lolote, akahakikisha kwamba zote zinashika masafa ya kituo cha mzee, maana si kila redio inashika masafa yote. Zote zikasema vizuri.

Mume akanyoosha mkono achukue ile inayong'aa. Mama Waya akamzuia. Alisema redio hujaribiwa pale itakapokaa, kwa sababu kibandani kwake mawimbi ni mazuri, lakini nyumbani kwao kuna mabati pande zote.

Wakazibeba hadi barazani. Ile inayong'aa ikakwaruza tu, hata mzee alipoigeuza huku na huku. Nyingine ilikuwa imechubuka pembeni, ila antena yake ilivutika ikawa ndefu. Mzee akaivuta, akaielekeza juu, akazungusha gurudumu taratibu. Sauti ya mtangazaji ikatoka, safi, kama mtu amekaa naye.

"Hii hapa," alisema mzee. Hakuna aliyemsaidia kusema.

Mama Waya akadondosha tone la gundi kwenye gurudumu la kituo na jingine kwenye ganda la redio. Matone yakikauka, alieleza, yatakuwa vipele. Vipele vikikutana chini ya kidole, kituo kiko hapo. Akamfundisha mzee pia kuweka betri, upande wa bapa uguse springi, na kuzitoa kama redio haitatumika kwa muda mrefu, zisije zikavuja na kuiharibu. Akamwonya dobi kwamba utabiri nao hukosea. Ni wa kusaidia kupanga kazi, na mbingu bado ni ya kutazamwa.

Ile redio ya ngoma ilihamia kazini kwa mume, kwenye tanuri la mikate. Waokaji waliifurahia sana.

Toka siku hiyo chakula kikaanza kupoa tena mezani. Mzee alikuwa na habari za kila namna, na kila mvua iliyotangazwa ilipokuja, ilikuta kamba tupu.

Asubuhi moja dobi aliuliza akiwa na shati linalochuruzika mkononi.

"Baba, wanasemaje leo?"

Mzee alitikisa redio, akaiweka tena sikioni. Dobi akayakumbuka mashuka.

"Sijui, mwanangu," alisema mzee. "Betri zimekwisha. Sijasikia kitu."

Dobi akashusha pumzi ndefu. Neno hilo la kweli lilimtuliza kuliko jua la siku nzima. Akamletea betri mpya, akakaa pembeni bila kuingilia. Mzee akafungua kifuniko, akapapasa springi, akaweka moja, akaweka ya pili. Kidole kikazungusha gurudumu mpaka vipele vikakutana.

Sauti ikatoka. Mzee akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Wanasema."

Dobi akangoja, shati likimdondokea miguuni.