Neno Moja la Barua ya Josiane

Ndugu zangu wa Mugoma, nawaeleza yaliyoipata nyumba ya jirani yangu Niyibizi, na mimi mwenyewe sijitoi lawamani.

Asubuhi ile tulikuwa uani kwake tukipura maharage. Bintiye Josiane, mhitimu wa kompyuta, alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili kusomea shahada ya uzamili. Kimoja kilikuwa na profesa anayetafiti namna wezi wanavyoingilia simu na kompyuta za watu, kazi aliyoitamani tangu mwaka wa kwanza. Kingine kilikuwa na jina kubwa tu.

Niyibizi alinipa barua ya kile cha kwanza, ya Kiingereza. "Mwalimu, nisomee. Atajifunza nini huko?"

Nilikuwa na haraka. "Usalama," nikajibu, nikarudi kwenye maharage.

Akaikunja ile barua. Sikukumbuka kwamba kabla familia yake haijakimbilia huku kwetu, baba yake alichukuliwa na watu waliojiita wa usalama, asirudi.

Jioni alimwambia binti, "Utakwenda kile kingine."

"Baba, kile hakina mtu wa kunisimamia utafiti."

"Nimeshasema."

Josiane hakuuliza sababu. Ndiyo heshima tuliyomfundisha. Akaikataa nafasi ya chuo cha kwanza, akapewa mtu mwingine.

Katika kile chenye jina kubwa, kwa miaka miwili alizungushwa ofisi hadi ofisi, akitakiwa abadili mada. Mwishowe akarudi bila shahada. Sasa yuko mpakani Rusumo, anajaza fomu za malori kwa wakala wa forodha.

Mwezi uliopita tulimtembelea. "Shikamoo baba. Shikamoo Mwalimu." Tukaitikia. Alikuwa akimsaidia dereva ambaye simu yake ilikuwa imeingiliwa na matapeli. Niyibizi alimtazama hadi akamaliza.

"Haya ulijifunza wapi?"

"Peke yangu, baba. Ndiyo niliyotaka kusomea. Usalama wa kompyuta."

"Wa kompyuta?" Akanigeukia. "Mwalimu, wewe uliniambia usalama. Mimi nikadhani wale waliomchukua baba yangu."

Josiane aliweka kalamu chini. "Ungeniambia, baba."

"Na wewe ungeniuliza, mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze.

FUNZO

Mzazi, usimchagulie mwanao chuo kwa hofu ambayo hujamweleza. Muulize atasoma nini, na nani atamsimamia. Kijana, ukikatazwa, uliza sababu. Kuuliza si utovu wa adabu. Nasi tunaosomea wenzetu barua, tusome yote. Barua ile Niyibizi amenirudishia. Neno kompyuta limo, kando kabisa ya lile nililolisoma.