Fundi Randa na Giza la Pembeni

Fundi Randa alikuwa seremala kwa miaka ishirini. Jina hilo, la chombo cha kulainishia mbao, alipewa na wateja, kwa kuwa ubao uliopita mikononi mwake ulitoka laini kama shavu la mtoto. Mpango wake ulijulikana mtaa mzima. Yeye na mdogo wake wangeongeza mashine ya pili ya msumeno, kisha wangetengeneza madawati ya shule.

Lakini Randa alikuwa na siri. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijigonga kwenye vitu. Aligonga mlango kwa bega. Alimwaga chai iliyokuwa kando ya mkono wake. Mkewe, Mama Pacha, alicheka.

"Baba Pacha, siku hizi unatembea kama umeazima miguu."

Randa naye alicheka, ila moyoni aliingiwa na baridi. Macho hayakuuma. Gazeti alisoma vizuri. Hakumwambia mtu. Alisali tu: "Mungu, usiniguse macho. Mipango yangu yote iko hapo."

Siku moja mchana alikuwa akisukuma ubao kwenye msumeno. Ghafla mashine ikazimika. Mdogo wake alikuwa amechomoa waya ukutani.

"Kaka, angalia mkono wako wa kushoto."

Randa akageuza kichwa. Kati ya vidole vyake na meno ya msumeno palikuwa na upana wa penseli tu. Hakuwa ameviona. Alikaa chini palepale kwenye maranda.

Jioni aliposimuliwa, Mama Pacha hakucheka. Alimwita jirani yao, nesi wa kliniki ya macho.

"Fundi, niangalie puani," nesi alisema. "Usihamishe macho. Naleta kidole kutoka pembeni. Ukikiona, niambie."

Randa alingoja. Alingoja sana. Aliposema "nakiona," Mama Pacha alishika kichwa. Kidole kilikuwa kimeshafika karibu na pua.

Kesho yake walikwenda kliniki. Daktari alimpima, akakuta presha ya macho. Nesi alimweleza taratibu.

"Maji ya ndani ya jicho yana msukumo. Msukumo ukizidi, unaumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi unaanza kupoteza kuona pembeni, bila maumivu. Ndiyo maana watu huchelewa."

"Dawa itarudisha kilichopotea?"

"Hapana, fundi. Sikudanganyi. Dawa inalinda kilichobaki. Utaitumia kila siku, hata ukijiona huna neno. Na ndugu zako wa damu wapimwe, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo."

"Na msumeno?"

"Mashine iache."

Siku tatu zilipita, chupa ya dawa haijafunguliwa. Randa alikaa kitandani akiitazama.

"Nilimwomba Mungu macho," alimwambia mkewe. "Nikianza dawa, si nimekata tamaa naye?"

Mama Pacha alikaa karibu naye. "Wewe ulimpa Mungu ramani, ukamwonyesha pa kupita. Yule aliyechomoa waya alitumwa na nani? Usidhani mimi siogopi. Naogopa kila ukivuka barabara. Lakini tuogope dawa ikiwa jichoni."

Randa alilaza kichwa nyuma. Mkewe alivuta kope ya chini, akadondosha tone moja. Randa alifumba jicho, akabana pembe yake karibu na pua kwa dakika mbili, kama nesi alivyofundisha. Wakafanya vivyo hivyo jicho la pili. "Mungu," alinong'ona, "njia hii siijui. Nishike mkono."

Ikabaki kumpeleka mdogo wake kupimwa.

"Kaka, mimi namwona hata sisimizi," alilalamika.

"Hata mimi nilimwona," Randa alisema, akampeleka.

Alingoja kwenye benchi, moyo ukimwenda mbio kuliko siku yake mwenyewe. Majibu yakatoka. Presha ilikuwa imeanza, lakini mdogo wake alikuwa hajapoteza chochote. Dawa ilimwahi.

Madawati yakaachwa. Mdogo wake alishika mashine. Randa alipiga msasa na kusuka viti vya kamba, kazi ambayo vidole viliijua vyenyewe. Mwanzoni alisuka kwa uchungu. Baadaye watu walianza kuviulizia viti vyake.

Mwaka mmoja baadaye alirudi kupimwa. Mama Pacha alibaki amesimama mlangoni mwa kliniki asubuhi nzima.

"Hakuna kilichopungua," daktari alisema.

Randa alimwomba arudie. Daktari akarudia. Randa akatoka, akageuza kichwa huku na huku mpaka akamwona mkewe.

"Macho yamebaki yaleyale," alimwambia.

Ndipo Mama Pacha alipokaa chini.