Msuli wa Panya

Habarurema alikutwa amekufa kitandani kwake, mtaani Mabanga, shuka limelowa jasho chapachapa na ulimi ameung'ata. Hapakuwa na jeraha wala kitasa kilichovunjwa. Majirani walikwishakata shauri: ni moyo.

Inspekta Kakule aliinua mkono wa maiti, akamulika kwapani. Kulikuwa na kitone chekundu, kama alama ya kiroboto.

"Alikuwa anajidunga sindano?"

"Hapana, chef," alijibu mjane, Clotilde. "Aliuzisha tu dawa, dukani kwake. Hakuwa na ugonjwa."

Mjane hakuwa akilia. Kakule alifungua friji ndogo ya jikoni. Ndani mlikuwa na chupa ya insulini, imebaki nusu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mutoto wangu, Exaucée. Alikuwa na sukari. Tulimuzika mwezi uliopita."

"Pole, mama."

Pole ilikuwa ya kweli, lakini chupa aliitia kwenye mfuko wa vielelezo. Insulini ikizidi humuua mtu mzima: sukari hutoweka damuni, ubongo ukafa njaa. Kakule aliamini ameshika silaha.

Daktari wa mochari alitoa damu mapema, akaihifadhi kwenye barafu. Lakini alionya kwamba sukari ya maiti haithibitishi kitu, maana hushuka yenyewe. Ilibidi kupima insulini yenyewe, na dawa za kuendeshea mashine ya kuipimia zilikuwa zimekwama njiani.

"Basi tutapima kama walimu wetu wa zamani," alisema Dokta Umutesi, mwalimu wa fiziolojia chuo kikuu.

Alitoa kiwambo cha panya aliyeuawa muda huo, ule msuli mwembamba wa kupumulia, akakigawa vipande. Kila kipande alikitumbukiza katika gilasi ya maji yenye chumvi na sukari, vuguvugu kama mwili, oksijeni ikibubujika ndani.

"Msuli ungali hai," alieleza. "Ukionja insulini, unakula sukari. Ikiwa nyingi, unakula zaidi. Tutapima sukari iliyobaki."

Gilasi ya kwanza hakuitia kitu. Ya pili aliitia ute wa damu ya Kakule mwenyewe, yale maji yabakiayo damu ikiganda. Ya tatu, ute wa damu ya marehemu. Ya nne, matone ya ile chupa. Wakangoja.

Msuli uliopewa damu ya Kakule ulikuwa umekula kiasi. Ule wa marehemu ulikuwa umekomba sukari kama mfungwa aliyefunguliwa.

"Huyu alidungwa," alisema Umutesi.

"Na chupa?"

Alipima mara mbili, akavua miwani. "Sawa na gilasi ya kwanza, isiyotiwa kitu."

"Labda imeharibiwa na joto."

"Hata ikiharibika hunuka dawa ya kuihifadhi. Hii haina harufu. Si silaha, Inspekta. Si dawa hata kidogo. Ni maji."

Kakule alimkumbuka mama asiyelia.

Clotilde aliletwa kituoni mchana huo.

"Mama Clotilde, mutoto wako alikuwa anadungwa maji."

Uso wake ulitikisika kwa mara ya kwanza. "Mumejua aje?"

"Nyama ya panya imetuonyesha. Wewe ulijua lini?"

"Kisha matanga kuisha. Nilimukuta Habarurema dukani anajaza maji kwenye chupa. Dawa ya kweli aliificha nyuma, ya wakubwa wenye pesa. Ya maji aliuzishia watu wadogo."

"Na Exaucée?"

"Nilimuuliza. Akacheka. Akasema, 'Ulitaka nimupe ya kuuzisha? Mutoto haikuwa wangu.' Nilimuzaa na bwana wa kwanza. Habarurema alinioa naye mugongoni. Kila asubui mutoto anamunyooshea mukono, anamwita papa, kama baba yake, na papa anamudunga."

"Ukafanya nini?"

"Usiku alirudi amelewa. Nilichukua dawa ya kweli, ile aliyoificha, nikamudunga chupa nzima kwapani. Alitoka jasho, akatetemeka. Nilikaa pale nikaangalia. Sukari ilikuwa kwenye meza, chef. Ningemupa, angepona. Sikumupa."

"Chupa za maji zimefika wapi?"

"Muji wa Kiwanja. Bunagana. Hapa Mabanga. Sijui pote."

Kalamu ya Kakule ilisimama.

"Yeye hamutamufunga," alisema Clotilde.

"Amekufa, mama."

"Basi andika kesi ya mutoto mbele. Ya kwangu ifwate."

Kakule aliandika hivyo. Kisha akamwomba anyooshe mikono, akamfunga pingu.