Nilimkuta Kaka Ameifungua Laptop Yangu ya Kazi

Nilitoka kwenda kununua sabuni. Dakika kumi tu, jamani. Kumi!

Niliporudi, laptop yangu ya kazi ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza ya kaka yangu. Mfuniko wa chini umeng'olewa. Skrubu kumi na moja zimepangwa ndani ya kisosi.

Na kaka mwenyewe ameiinamia, bisibisi mdomoni, ametulia kama mtu anayechambua mchele.

Sabuni ikanidondoka.

"Kaka Waya... umefanya nini?!"

"Usipige kelele. Skrubu zitaruka."

"Saa nane kamati inakuja kuona kazi yangu! Saa nane leo! Sasa hivi inakaribia saa sita!"

"Najua. Ndiyo maana nimeifungua."

Nikakaa chini sakafuni.

Ngoja niwaeleze, maana bila hilo mtaona nalilia bati na waya.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, ofisi moja ya wachoraji ramani za majengo ilinichukua kwa majaribio. Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, naamini jengo zuri linaweza kumponya mtu. Bado naamini.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa wodi ya wazazi. Babu Rula, mchoraji mkongwe wa ofisi, alikuwa tayari na ramani yake: chumba kirefu, korido katikati, dirisha hata moja hakuna.

Mimi nikachora nyingine. Kila kitanda na dirisha lake, na benchi pana la kusubiria.

Mama yetu aliwahi kutusimulia siku aliyonizaa. Alisubiri zamu yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye korido yenye giza, hajui nje ni asubuhi au jioni. Sikutaka mwanamke mwingine akae juu ya ndoo.

Madam, bosi wetu, akaniambia: "Kamati ya hospitali haisomi mistari, binti. Waingize ndani ya jengo, watembee. Watakayoipenda ndiyo itajengwa. Na mimi nitajua kama nikuajiri au tuagane."

Kuwatembeza, yaani kwenye kioo cha laptop unafungua mlango, unapita korido, unaona jua likiingia dirishani.

Nami laptop yangu ilikuwa inafungua mlango nusu... inaganda!

Nahesabu mpaka arobaini. Inasogea hatua moja. Inazima.

Kila laptop huzaliwa na uwezo mdogo wa picha. Kwa barua na video unatosha kabisa. Lakini kutembeza watu ndani ya jengo ni mzigo mwingine. Hapo inatakiwa kadi ya picha ya pekee, iliyowekwa kwa kazi hiyo tu. Nikaangalia orodha ya vifaa vya laptop yangu. Kadi hakuna.

Wiki nzima nilijiuliza. Niende kwa Madam niseme inahitaji kadi? Au haihitaji, ila mimi ndiye sijui kazi?

Nikafuta miti ya nje. Ikaganda. Nikafuta mapazia. Ikaganda. Nikafuta vitanda, wodi ikabaki kama ghala. Ikaganda!

Babu Rula akapita nyuma yangu, akagonga meza kwa rula yake.

"Binti, penseli haigandi!"

Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda chooni kulia.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Kwa sababu siku ya kwanza kazini nilipewa fomu. Swali la nne: "Je, kazi yako inahitaji kadi ya picha ya pekee?"

Nikaandika: *Haihitaji.*

Hata sikuelewa vizuri ninachoulizwa. Nilitaka tu waone mtoto mwenye adabu, asiye na makuu. Nikapigia mstari chini, kwa furaha. Sasa ningerudi vipi kulimeza neno langu?

Basi asubuhi ile, nimebaki nyumbani kumalizia kazi, nikawa nazunguka chumbani nikilia, "Haina kadi! Haina kadi!" Na kaka yangu akanisikia. Yeye ni fundi feni na redio, karakana yake ndiyo sebule yetu.

Tumerudi pale sakafuni.

"Nilitaka nione kama kuna mahali pa kuichomeka hiyo kadi," akasema.

"Kuichomeka?! Hii si memori kadi ya simu, Kaka!"

"Sasa ningejuaje bila kufungua?"

"Ungeniuliza! Umeniua leo! Sihitaji msaada wako! Sijawahi kuuhitaji!"

Jamani, huyu ndiye aliyenishikia taa umeme ulipokatika, mwaka mzima wa mtihani. Akaitoa bisibisi mdomoni, akaiweka mezani polepole, kama inaweza kupasuka.

"Sawa," akasema. "Lakini kabla hujanichukia vizuri, njoo uangalie kitu."

Sikutaka. Nikaenda.

"Hesabu feni."

"Mbili."

"Hii ya kushoto ikoje?"

Ilikuwa imejaa vumbi, nene kama blanketi.

"Na ya kulia?"

Safi. Inang'aa kama imetoka dukani jana.

"Mimi nafungua feni kila siku," akasema. "Feni safi ni feni ambayo haijawahi kuzunguka. Na fundi hawezi kuweka feni mahali ambapo hakuna kitu cha kupoza. Mdogo wangu... hapa chini kuna mtu amelazwa, na naona ni hiyo kadi yako."

Nikampigia mtu wa kompyuta wa ofisini. Tunamwita Bwana Nywila, kwa kuwa hawezi kukutajia nywila, lile neno la siri la kompyuta, hata umshikie panga.

"Kadi ya laptop yangu iko wapi?!" nikafoka. "Mmeificha?"

"Iko humo humo. Imechomelewa kwenye bodi, nani ataificha? Nimeizima."

"Umeizima?! Unataka nifukuzwe kazi?"

"Laptop zote za wachoraji zilikuja na kadi, dada. Ile fomu ilikuwa ya kujua nani azimiwe ili betri idumu. Wewe uliandika haihitaji. Nikaizima kwenye mipangilio ya ndani kabisa, yenye nywila, hata kwenye orodha isionekane."

"Si ungeniuliza!"

"Nilikuuliza. Kwa maandishi. Na ulipiga mstari."

Adui niliyemtafuta wiki nzima alikuwa ni mwandiko wangu.

"Iwashe basi, nakuomba! Nitajie hiyo nywila!"

"Nywila haitajwi kwenye simu. Ilete laptop hapa ofisini."

Saa sita na nusu.

Kaka alikuwa tayari anarudisha mfuniko. Skrubu moja, mbili, tatu... Akasimama.

"Ziko kumi tu. Ya kumi na moja siioni."

"Kaka!!"

"Kumi zinatosha. Kimbia!"

Nilikimbia, jamani. Nimeikumbatia laptop kama mtoto mwenye homa. Kiatu kimoja kikakatika kamba, nikakiacha kije chenyewe.

Saa nane kasoro dakika kumi Bwana Nywila akaketi, akaufunika mkono wake kwa gazeti, akaandika nywila. Laptop ikazima. Ikakaa. Ikakaa tena... Nikaanza kujiandalia maneno ya kuaga.

Ikawaka.

Kamati ilikuwa watu watano, na katikati yao mkunga mmoja mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Nikafungua mlango wa wodi.

Ukafunguka. Wote!

Tukapita korido. Tukafika kitandani. Jua likaingia dirishani, likatambaa juu ya shuka. Na upande wa kulia wa laptop, kitu kikaanza kuvuma.

"Hicho kinachonguruma ni nini?" mkunga akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nikamtazama Madam, nikamtazama Babu Rula na rula yake.

"Ni feni, mama. Inazunguka leo kwa mara ya kwanza. Niliulizwa nahitaji nini nikasema sihitaji, kwa sababu niliona aibu. Nusura niwakoseshe dirisha hili."

Babu Rula akakohoa. Madam akaangalia dari. Nikajua nimekwisha.

Mkunga akacheka mpaka miwani ikateleza.

"Mficha uchi hazai, binti! Na mimi ndiyo kazi yangu, nalijua hilo kuliko nyote. Haya, nirudishe pale dirishani."

Wodi inajengwa na madirisha yake. Madam alinipa mkataba na fomu mpya, akasema kwa sauti kavu, "Safari hii jibu kama mtu mzima."

Mkiniuliza leo kama laptop ya kazi inahitaji kadi ya picha, nitawaambia muiulize kazi. Ya kuandika barua haihitaji, msibebe mzigo bure. Ya kutembeza watu ndani ya jengo inahitaji, semeni wazi. Msiiulize aibu yenu. Aibu hujibu kila swali kwa neno moja: haihitaji.

Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja. Kaka alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapapasa chini ya meza.

"Wamekufukuza?" akauliza bila kunyanyua kichwa.

"Hapana. Kaka... yale maneno ya asubuhi..."

"Nimeipata skrubu yako," akanikatiza, akainuka na ile sabuni mkononi. "Ilinasa kwenye sabuni. Unahitaji nikufungie, au utafunga mwenyewe?"

Nikaiweka laptop mbele yake.

"Nahitaji, Kaka."