Nywila ya Ukoo wa Ishengoma

Mzee Ishengoma alikuwa amelala kifudifudi katikati ya migomba yake, Buhembe. Nguzo aliyokuwa akienda kuegemezea mkungu ilikuwa pembeni yake, ina damu upande mmoja.

Mkaguzi Eufrazia Kahangwa alikwishaona maiti nyingi, lakini huyu alimfahamu. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kusoma, darasa la kwanza.

"Kapigwa kisogoni, mara moja tu," alisema Sajenti Limbu. "Daktari anakadiria kati ya saa tatu na saa tano jana asubuhi."

"Alama za vidole?"

"Hakuna, afande. Mti una magamba, haukushika kitu."

Kesho yake kitengo cha makosa ya mtandao kikaleta jipya. Ukoo ule ulikuwa na tovuti, kazi ya Klaudia, binti wa marehemu aliyeolewa Muleba. Kila aliyeingia aliona ukurasa mmoja umeandikwa "Irage ya Baba", yaani wosia, lakini ulifungwa kwa nywila. Saa moja asubuhi ya siku ya mauaji, mtu aliufungua kwa jaribio la kwanza. Ndani yake nyumba, kahawa na hata makaburi vilikuwa vya Klaudia.

Nywila ilisemekana anaijua Klaudia peke yake. Limbu alimleta Bukoba akiwa na pingu.

"Niliitunga mimi, afande!" Klaudia alilia. "Nilikuwa najifunza kufunga ukurasa. Somo lilisema weka kitu ambacho hutaki watu wakione. Nikaandika irage ya uongo. Baba mwenyewe aliisoma, akacheka mpaka akakohoa."

"Makaburi uliyawekea nini?"

"Nilitafuta jambo lisiloweza kutokea. Binti aliyeolewa apewe makaburi ya kwao? Hapa kwetu Uhayani?"

"Na nywila?"

Klaudia aliinamisha kichwa. "Muziro wetu. Niliogopa nisije nikaisahau."

Eufrazia alijishika kichwa. Limbu, ambaye ni Msukuma, aliuliza muziro ndiyo nini.

"Mnyama ambaye ukoo haumli. Wao ni pongo. Mtoto wao huambiwa hata meno hajaota." Akamgeukia Klaudia. "Umefunga mlango, mama, kisha ufunguo umeugawia ukoo mzima."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Eufrazia alirudi msibani. Aliyekuwa akilia kuliko wote ni Joackim, kaka yake Klaudia, mchuuzi wa samaki kisiwani Goziba. Akamwita kituoni.

"Siku ile asubuhi ulikuwa wapi?"

"Goziba, afande. Habari za msiba zilinikuta huko."

"Irage ya baba yako unaijua?"

"Irage wanaijua mashahidi wake. Mimi niijulie wapi?"

"Dada yako yuko mahabusu. Huna neno jema la kumsemea?"

"Jema lipi?" Joackim alifoka. "Mwanamke ameolewa, ana kwake, halafu anachukua mpaka kaburi la mama yangu!"

Kalamu ya Limbu ilisimama.

"Habari za kaburi umezipata kwa nani?" Eufrazia aliuliza taratibu.

"Watu wanasema."

"Watu gani? Ukurasa ule aliusoma marehemu, akausoma Klaudia, tukausoma sisi. Na yule aliyeufungua saa moja asubuhi. Lete simu."

Ukurasa ulikuwa bado umo kwenye kumbukumbu za simu. Eufrazia alimpa onyo la kisheria. Joackim akasema yote.

"Nilivuka siku moja kabla, nikalala mjini. Asubuhi nikawa namwonyesha rafiki yangu tovuti yetu, nikaona ukurasa umeandikwa 'Irage ya Baba'. Nikajaribu muziro, ukafunguka. Nikaenda nyumbani, nikamkuta baba kwenye migomba. Nikamwambia, 'Tata, mbona umenifukuza kwetu? Nimesoma irage yako.' Akacheka. Afande, alinicheka! Nguzo ilikuwa karibu."

Eufrazia aliiweka simu mezani. "Alicheka kwa sababu ile irage ni mazoezi ya Klaudia. Hakuiandika yeye."

"Uongo."

Mzee Clavery, shahidi wa irage ya kweli, aliitwa aje na bahasha yake, ambayo ingefunguliwa baada ya matanga. Aliisoma amesimama: "Joackim, mwanangu mkubwa, ndiye mrithi wangu. Nyumba, kibanja cha migomba na kahawa, na makaburi nimemwachia yeye."

"Maawe!" Joackim aliteleza kitini mpaka sakafuni. "Soma tena, tata. Soma tena."

Clavery hakuweza. Aliikunja karatasi, akatoka bila kuaga.

Nje Klaudia alikuwa ameshafunguliwa pingu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Afande," aliuliza, "niufute ule ukurasa?"

"Usiuguse," alisema Eufrazia. "Sasa ni kielelezo. Utasomwa mahakamani."