Nilimwachilia Wafula Mkono Mbele ya Spika

Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na nyumbani ni Naitiri. Mimi si msemaji. Nikiulizwa swali darasani naangalia viatu. Haya niliyaandika kwanza kwenye daftari langu, na hata huko niliyafuta mara mbili...

Naitwa Nekesa, jina la wanaozaliwa wakati wa mavuno. Nilikuja kwa wakati wangu, mzima, na hakuna aliyenishukuru kwa hilo!

Ndugu yangu naye alitakiwa aje na mavuno. Akaja mvua ingali inanyesha, mimba ikiwa ya miezi saba, akaitwa Wafula, jina la wanaozaliwa wakati wa mvua. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikaa naye wiki sita katika hospitali moja ya Kitale, amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi. Mimi niliachwa kwa nyanya. Waliporudi nilimkimbilia mama nimkumbatie... akanizuia kwa kiwiko. "Polepole, utamuumiza!"

Je, mimi nilikuwa nani tena?

Tangu hapo nyumba ikawa ya Wafula. Redio chini. Mlango usibamizwe. Mvua ikipiga mabati, anapiga mayowe na kukimbilia kifua cha mama, na ana miaka saba! Majirani walicheka, "Mama Nekesa, huyu utambeba mpaka siku ya kutahiriwa?" Nami nilicheka moyoni. Ati anaogopa? Si anaigiza tu bana! Mama asipokuwepo, hayo machozi yatatoka?

Likizo ya Agosti tukaenda na mama soko la Chwele, anakouza maharagwe. Akaniambia, "Nekesa, mnunulie viatu. Mshike mkono, usimwachilie." Wafula alinipa mkono mwenyewe. Aliniamini, jameni!

Palikuwa na muuzaji wa dawa ya panya, spika yake kubwa ikipiga kelele: "Panya! Mende! Kunguni! Wote chini!" Nikamsimamisha Wafula mbele ya ile spika. "Ningoje, nakuja." Nikajificha nyuma ya rundo la mitumba nione atamlilia nani.

Hakulia.

Alikauka kama kijiti. Akaingiza mkono mdomoni, ule ule niliouachilia, akauuma... akauuma hadi damu. Suruali ikalowa. Watu wakapita wakimcheka.

Nami sikutoka upesi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kuna kitu ndani yangu kilifurahi kwanza.

Kwa mama nilidanganya. Nikasema alinitoroka. Wafula alinisikia, hakubisha. Hakusema neno siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata.

Mama akampeleka kliniki Bungoma, mimi nikabeba mkoba. Nesi alieleza kwamba mtoto akija mapema, ubongo wake bado unajengwa, na badala ya giza na utulivu wa tumbo unakuta taa, sindano na milio ya mashine. Si wote, lakini wengine hubaki wepesi wa kushtuka.

"Haigizi, mama," alisema. "Anahitaji mtu wa kumtuliza. Usipokuwepo, yeye hukimbilia nani?"

Mama hakufikiria hata kidogo. "Dada yake."

Nilitamani sakafu inimeze! Nikakiri yote hapo hapo, mbele ya nesi. Mama hakunigombeza. Aliniangalia tu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Juzi mvua ilitupata mama akiwa shambani. Nikamfungulia Wafula mikono. Alinitazama... akaingia chini ya kitanda.

Wenzangu mnaosoma haya, bado nina wivu. Zamani nilimwonea Wafula wivu kwa sababu ya kile kifua. Leo namwonea mama, kwa kuwa kuna mtoto anayemkimbilia.

Ukihisi umesahaulika nyumbani, mwambie mama yako, hata kwa karatasi kama unaogopa kusema kama mimi. Nawaomba, msiupime woga wa mtoto! Mkono ukipewa bure, ukiuachilia hujui utaukosa kwa muda gani.

Mimi sasa mvua ikianza nalala sakafuni na kunyoosha mkono wangu chini ya kitanda. Bado haujashikwa.