Lenzi ya Kutuliza

Bi Tikisa alitoka nyumbani jua likizama, anakwenda kununua lenzi, basi. Jina hilo alibatizwa na wapiga picha wenzake, mahasidi wakubwa, tangu homa ilipomwachia mkono wa kulia usiotulia. Mwezi uliopita, akibadilisha lenzi katikati ya watu, moja ilimponyoka ikapasuka. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba harusi ya Jumamosi apewe mpiga picha mwingine. Bibi harusi mwenyewe, mtoto wa kaka yake, akawakatalia. "Atanipiga picha shangazi yangu. Hata zikitoka ukungu mtupu!"

Sasa shangazi mtu akubali kuaibika? Thubutu! Alitaka lenzi moja ya kufanya yote, ivute karibu, ivute mbali, asibadilishe nyingine siku nzima.

Duka lilikuwa jembamba, linanuka utambi uliozimwa sasa hivi. Ng'ambo ya barabara, kibarazani, fundi cherehani alikuwa akishona gauni la harusi hiyohiyo.

Kra-kra-kra-kra...

Muuzaji, mzee nadhifu, akaweka lenzi mbili juu ya kabati la kioo.

"Zote zinavuta karibu na mbali," alisema kwa sauti ya chini. "Hii haina kitulizi. Hii inayo."

"Kitanifaa nini? Harusini watu wanacheza. Kitulizi hutuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi anayepigwa. Kazi hii nina miaka ishirini nayo, mzee wangu, usinifundishe."

Mzee akatabasamu. "Ijaribu, binti yangu."

Bi Tikisa akaifunga kwenye kamera yake, akamlenga fundi, akasukuma swichi ya pembeni. Mkono ukatetemeka vilevile. Kamera nayo ikacheza vilevile. Alikuwa anafungua mdomo aseme hii mbovu, ndipo akakisikia kimya.

Cherehani imenyamaza.

Fundi ameketi, mguu juu ya pedali, mdomo wazi katikati ya neno. Nzi akatua kwenye jicho lake la kushoto... akatembea juu ya mboni. Fundi hakupepesa.

Bi Tikisa akazima swichi haraka.

Kra-kra-kra-kra...

"Siitaki hii. Nipe ile nyingine."

"Harusi nzima ingetulia," mzee alinong'ona. "Usingetoa hata picha moja ya ukungu."

"Na bibi harusi je?"

"Angependeza... daima."

"Mtoto wangu yule! Ushindwe na ulegee!"

Mzee hakukasirika. Aliipokea kamera kutoka mikononi mwake kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Akaiinua. Akamlenga yeye.

Tk.

Pumzi ikasimama kifuani. Alijaribu kupepesa, kope zikagoma. Alitaka kupiga kelele, ulimi ukalala mdomoni. Akautafuta moyo wake asiusikie.

"Tulia," mzee alinong'ona. "Tulia, mama..."

Nge-nge-nge-nge.

Mkono wa kulia!

Ulikuwa juu ya kabati, na ulikuwa hautulii. Mkono uleule uliomfanya achekwe, pete inagonga kioo, vidole vinaisukuma ile lenzi nyingine kidogo... kidogo... mpaka ukingoni. Ikamwangukia mzee mguuni. Akatupa jicho chini, kamera ikainama naye, mara moja tu.

Ikatosha. Bi Tikisa akamrukia, akampokonya kamera yake, akaing'oa lenzi ya kutuliza, akaibamiza sakafuni ikawa vipande. Akaokota ile isiyo na kitulizi na kumtupia pesa zake.

"Madaktari watatu wameshindwa kuutuliza mkono huu," alisema akihema. "Utauweza wewe?"

"Zipo nyingine," mzee alijibu taratibu, akifungua droo.

Jumamosi alipiga picha. Zaidi ya nusu zilitoka na ukungu, na katika moja bibi harusi anacheka hadi sura haijulikani iko wapi. Hiyo ndiyo waliyoitundika ukutani. Fundi naye alikuja, amependeza, anapokea sifa za gauni.

"Mbona unanikodolea hivyo, dada?" alimuuliza.

Bi Tikisa akajifanya anafuta lenzi. Jicho la kulia la fundi lilikuwa linapepesa. La kushoto halikupepesa hata mara moja tangu asubuhi.

Siku hizi, kila jioni, Bi Tikisa husimama mbele ya duka lile na mkono wake juu, akiwafukuza wateja. "Pita! Hapa hapanunuliwi kitu!" Wengine humwita kichaa, naye huwaambia kichaa ni bora kuliko maiti aliyeketi. Mzee humtazama kutoka ndani. Hana haraka.

Jana kidole kidogo cha mkono ule kilitulia. Hakikuuma, kilitulia tu. Bi Tikisa akakichapa palepale mbele ya kioo cha duka, akakichapa tena, akakitukana, mpaka kikaanza kutetemeka. Kisha akauinua mkono wote juu zaidi, mzee auone vizuri.